Sentensi za Nyumbani za Mwalimu Selemani

Siku ya kuniaga nilipewa khanga, saa ya ukutani na nafasi ya kusema machache. Nikasema machache kweli, maana soda zilikuwa zinapata moto na mgeni rasmi alikuwa anatazama mlango. Sasa niko nyumbani kwangu Kiwalani, sina kengele ya kunikatiza, na wale walimu vijana walioniomba niwaandikie mambo ya kufundisha Kiingereza hawajui walichokiomba. Vyeo sitavisema, havikuwa vingi. Mshahara sitautaja kabisa, tusije tukalia wote. Nitasema habari za darasa, na za mtu aliyenifundisha kufundisha, na jinsi tulivyomkosa.

Nilianza kazi Temeke miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka Songea na sanduku la bati, cheti cha ualimu na Kiingereza cha masista, kile ambacho kila neno unalitamka kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanionyesha darasa la sita, akanipa chaki tatu na kuniambia ni za wiki nzima. Watoto walikuwa wanne katika dawati la wawili, na waliochelewa walikaa chini. Ubao ulikuwa umechujuka mpaka ukawa wa kijivu. Ukiandika, unaona vumbi tu, maandishi huyaoni.

Somo la siku ile lilikuwa sentensi zinazoanza na "if". Kitabu kilikuwa kimeandikwa huko kwao Waingereza, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "If it snows, we shall stay at home." Nikaisoma, watoto wakaiitikia kwa sauti kubwa mpaka mabati yakatetemeka. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akauliza hiyo "snow" ni kitu gani. Nikamwambia ni barafu nyepesi inayoanguka kutoka juu. Akauliza kama inaua. Nikasema haiui. Akauliza, sasa wanabaki nyumbani kwa nini? Nikamwambia akae.

Dirishani alikuwa amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limetiwa bluu vizuri. Huyo ndiye Mwalimu Selemani. Alikuwa mtu wa Lindi, aliyeanza kufundisha tangu enzi za mkoloni, na Kiingereza cha darasa la saba kilikuwa mikononi mwake. Kengele ilipolia nilimfuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umefundisha vizuri sana," alisema. "Ila umewafundisha watoto wa Ulaya. Wa Temeke bado wanakusubiri."

Niliumia, nisiwafiche. Nilikwenda chumbani kwangu nikalia, nikamtukana kwa Kingoni, ambacho hakukijua. Kesho yake asubuhi nikamkuta darasani kwangu amepiga magoti, anaponda unga mweusi wa ndani ya betri zilizokufa, anauchanganya na majani mabichi. Tukaupaka ubao wote, mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni. Ulipokauka ukawa ubao. Hakusema tena habari ya jana.

Nilianza kuingia darasani kwake kila nilipokuwa na nafasi. Nyie mnaoanza somo hili kwa kuchora jedwali la vitenzi, nisikilizeni hapa. Yeye jedwali alilileta mwisho kabisa. Kwanza alimsimamisha mtoto mmoja mbele, akasema huyu yuko kituoni anasubiri basi. "If the bus comes, I will go to Kariakoo." Basi laweza kuja, laweza lisije, mwenzetu anasubiri. Kisha akamtazama yule mtoto kwa huruma: "If I had a bicycle, I would not wait for the bus." Baiskeli hana, ndiyo maana kasimama juani. Halafu akamgeuza uso upande wa pili, basi limekwenda, linaonekana mgongo: "If I had left home early, I would have caught the bus." Limekwisha kwenda hilo, halirudi kwa ajili yake. Kituo kimoja, mtoto mmoja, na darasa zima limeshajua lini unasema "will", lini "would", na lini "would have".

"Msidhani Waingereza wametuletea jambo jipya," aliwaambia. "Mama zenu wanayasema haya toka alfajiri. Angekuwa na kuni kavu angeshapika. Mngelala mapema mngeamka mapema. Sie tunabadilisha nguo tu."

Na kutoka hapo akawa na desturi yake, ambayo shule nzima iliijua. Kila mtoto wa darasa la saba, ikifika zamu yake, alitakiwa asikilize nyumbani kwao mtu akisema neno la namna hiyo kwa Kiswahili, alibebe mpaka shuleni, aligeuze Kiingereza na kuliandika mwenyewe ubaoni. Ilikuwa ikiitwa sentensi ya nyumbani. Mwalimu hakuisahihisha siku hiyo. Aliizungushia mstari, juu yake akaandika USIFUTE kwa herufi kubwa, ikalala ubaoni mpaka asubuhi, ili mwenye nayo aje aitazame akiwa ametulia. Mara nyingi mtoto aliliona kosa lake mwenyewe, akalifuta kwa kidole kabla hata hatujaingia. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, nimehudhuria semina za kila namna, na sijaona njia iliyoshinda hiyo.

Sentensi zenyewe zilikuwa na raha. "If my uncle comes, he will sleep in my bed." Huyo mjomba alikuja, na mtoto akawa anasinzia darasani muhula mzima. "If the goat had not eaten the soap, mother would not have cried." Hiyo Mwalimu Selemani aliipenda mno. Alikaa chini akacheka mpaka akatoa leso.

Lilipokuja Azimio, na masomo yote ya msingi yakawa kwa Kiswahili, Kiingereza kikabaki kipindi kimoja kati ya vipindi vingi. Baadhi ya walimu walimpa pole kana kwamba amefiwa. Yeye hakuona msiba. "Mtoto aelewe hesabu kwanza," alisema. "Kiingereza changu hakifi kwa kupunguziwa vipindi." Asubuhi tulikuwa shambani na watoto, majembe mabegani, tunalima mihogo ya shule, naye alishika mpini wake akiwa na shati lake lile jeupe. Aliamini mambo yale. Nataka mlijue hilo, kwa sababu baadaye walimsema vingine.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shule, ukitoka unaisikia kengele. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mgonjwa wa moyo. Mama mnene wa kicheko, ambaye akitoka jikoni kuja barazani anapumzika mara mbili njiani. Watoto hawakujaliwa. Daktari wake alikuwa hospitali kubwa ya mjini, na alishawaambia wazi kwamba mama yule asikae mbali na hospitali ile, maana maji yalikuwa yakimjaa mwilini na kila wiki lazima aonwe. Kila Jumatano Mwalimu Selemani alimpeleka, nami nikamshikia kipindi chake. Jioni alimkanda miguu, akapika, akafua. Wanaume wa mtaa walikuwa na maneno yao kuhusu mume anayefua. Aliwaitikia salamu, akaendelea kusuuza.

"Mwalimu Editha," aliniambia siku moja tukisahihisha, "mie sina ninalolitaka duniani tena. Waniache hapa hapa nilipo, karibu na hospitali, mpaka mmoja wetu amzike mwenziwe. Basi."

Ukaja mwaka ule wa unga wa njano. Waliokuwapo wanaujua, na wasiokuwapo waulize mama zao, ila wasiwaulize wakiwa wanakula. Mvua zilikosa, unga ukawa wa kuletwa kutoka nje ya nchi, na madukani vitu vikawa vya kusikia. Sukari, sabuni, mafuta ya taa. Watu waliamkia foleni, wakaweka mawe kushika nafasi zao, na mara nyingi mawe ndiyo yaliyokaa mpaka jioni.

Sentensi za nyumbani nazo zikageuka. Mjomba hakuja tena, wala mbuzi. Darasa zima likawa linaandika zile za pili, za kitu ambacho hakipo. "If we had kerosene, I would read at home." "If there were soap, my shirt would be white." Mwalimu Selemani alitazama vitenzi vyake tu, akazizungushia mstari. Mimi zilianza kunitia wasiwasi.

"Mwalimu, hizi sentensi za siku hizi."

"Zina kosa?"

"Hazina kosa."

"Sasa?"

"Yanayosemwa ndani yake."

"Niwaambie watoto waende nyumbani wakasikilize uongo?" aliniuliza, akarudi kwenye madaftari yake. Hakuwa mkaidi. Hakuona tu kwamba ubao wa darasa la saba unaweza kumdhuru mtu.

Katika darasa lile alikuwamo Mwanahamisi, binti wa Bwana Sudi, meneja wa duka la ushirika la mtaa wetu. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye kumpenda baba yake kupita kiasi. Zamu yake ilipofika aliandika kwa mwandiko wake mkubwa uliolala upande: "If my father did not work in the shop, we would drink tea without sugar." Aligeuka akatutazama na kutabasamu. Alikuwa anamsifu baba yake. Sentensi haikuwa na kosa hata moja, na Mwalimu Selemani alimwambia, "Vizuri sana, mwanangu," akaizungushia mstari, akaandika USIFUTE.

Wakati huo chumba cha darasa la saba ndicho kilichokuwa na mabenchi ya kutosha, kwa hiyo vikao vya wakazi vilifanyika humo jioni, watoto wakishaondoka. Siku ile pia kilikuwapo kikao, na shauri lilikuwa hilo hilo, sukari. Chumba kikajaa, akina mama wengi wakiwa na watoto mgongoni. Mimi na Mwalimu Selemani tulikaa benchi la nyuma, kwa sababu walimu tulitakiwa kuwapo kulinda madawati. Bwana Sudi akaitwa mbele kujieleza. Akasimama, ubao uko nyuma ya mgongo wake.

"Ndugu zangu, nyie mnaniona mie mchawi," alisema. "Sukari haijaletwa toka mwezi uliopita. Hata mie kwangu chai tunainywa hivi hivi, na watoto wanalalamika."

Nilimsikia Mwalimu Selemani akivuta pumzi. Nikatazama alikotazama. Akainuka taratibu, akaanza kupenya katikati ya mabenchi, mkono mmoja umeshakamata leso. Alikuwa amefika katikati ya chumba.

Mbele kabisa alikaa kijana anaitwa Joakim, karani wa bandarini, suruali imepigwa pasi ya makaa mpaka inasimama yenyewe. Miaka kadhaa nyuma alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Selemani, na mmoja wa wazuri. Popote palipokuwa na Kiingereza kimeandikwa, kwenye kopo, kwenye gari, kwenye gunia, Joakim alikisoma kwa sauti na kuwafasiria wazee. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ilikuwa tabia.

"Mzee mwenyekiti, samahani," alisema, "hapa ubaoni naona limeandikwa jambo." Akalisoma kwa Kiingereza safi, kila neno mahali pake. Kisha akawageukia watu. "Maana yake, kama baba yangu asingekuwa anafanya kazi dukani, tungekuwa tunakunywa chai bila sukari."

Alilifasiri sawasawa, ndiyo balaa lenyewe. Na alipomaliza akamwona mwalimu wake amesimama katikati ya mabenchi, akamtabasamia, akangoja kupongezwa.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko chenyewe kikakatika.

"Sudi!" alipiga kelele mama mmoja. "Wanetu wanakunywa uji wa chumvi, Sudi!"

"Nani kaandika?" Bwana Sudi alikuwa amegeuka, anausoma ubao, jasho linamtoka. Mwenye kazi katika duka lile alikuwa mmoja, na mwenye mtoto darasa la saba alikuwa yeye. "Nauliza nani kaandika upuuzi huu?"

"Nimeandika mie," alisema Mwalimu Selemani. "Ni mfano wa kufundishia, Bwana Sudi. Sentensi za namna hii tunabuni mtu, tunabuni na duka. Ningeweza kuandika bucha."

Mwandiko ule haukuwa wake, na mwenye macho alijua. Nilisimama nikaanza kusema, "Jamani, ule mwandiko," na Mwalimu Selemani akanigeukia.

"Mwalimu Editha, kaa chini, mwanangu," alisema kwa upole, lakini nilivyomwona usoni nilikaa.

Kikao kilivunjika kwa matusi. Usiku huo huo ikasemekana, na sijui ni kweli, kwamba gari lilionekana nyuma ya kwa Bwana Sudi. Ninachojua ni kwamba walipokwenda kumkagua hawakukuta kitu, na kwamba yeye alikuwa na ndugu zake huko juu. Baada ya siku chache Mwalimu Selemani akaitwa na wakubwa. Alituhumiwa kutumia darasa la serikali kuchochea wananchi wakati wa shida. Akaambiwa, kama siye aliyeandika, amtaje aliyeandika, na yeye atakuwa hana kosa. Kama ni yeye, aombe radhi mbele ya wazazi, aseme alilolizusha ni uongo.

Nilimngoja nje ya geti. Nilimwambia amtaje. Nilimwambia mtoto hahamishwi wala hafukuzwi kazi.

"Mtoto atapigwa mpaka avunjike," alisema. "Na baba yake akifungwa, atakuwa kafungwa kwa neno la bintiye. Aishi nalo vipi? Hajui hata alichokisema."

"Na Bi Zuhura?"

"Ndiyo maana nitaomba radhi," akasema. "Wanataka niombe mara moja, mie nitaomba hata mara kumi. Nikimaliza wataniacha."

Akaomba radhi. Wazazi waliletwa uwanjani, akasimama na shati lake jeupe, akasema alichobuni kilikuwa uongo na anamwomba Bwana Sudi amsamehe. Bwana Sudi akampa mkono. Baadhi ya akina mama waliondoka bila kuaga, wakiwa wamemkasirikia Mwalimu Selemani kuliko Sudi, maana waliona amewasaliti. Mwanahamisi alikuwa amesimama na wenzake mstarini. Alilia, na sikujua alikuwa anajua nini. Sisi walimu tulirudi ofisini tukiamini mambo yamekwisha.

Muhula haukuisha, uhamisho ukaja. Anakwenda Mpanda, vijijini, mwisho wa reli na mbele yake. Alipeleka maneno ya daktari, akajibiwa kwamba hospitali zipo kila mkoa, ahame na mgonjwa wake. Daktari akasema mama yule safari ya treni haimalizi. Nilimuuliza kwa nini asiache kazi. Bi Zuhura ndiye aliyenijibu, amekaa barazani, miguu juu ya kigoda.

"Akiacha kazi watamsomba kama mzururaji, mwanangu. Kila siku wanawakusanya wasio na kazi wanawapeleka vijijini. Atakwenda huko huko, halafu hata cha kuniletea atakuwa hana." Akamgeukia mumewe. "Nenda, Selemani. Utaomba kurudi, watakurudisha. Mie nitakungoja."

Alikwenda. Mimi nilihama kutoka Kiwalani nikaja kukaa na Bi Zuhura, nikarithi Jumatano zake na darasa lake. Mwalimu mkuu aliniita, akaniambia kwa aibu, macho yako mezani, kwamba kuanzia sasa ubao utafutwa kila kipindi kikiisha na mifano yote itoke kitabuni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wanaosoma. Nikafuta. Nikaandika, "If it rains, I shall take my umbrella," na darasa ambalo hakuna mtoto aliyemiliki mwavuli likaitikia kwa sauti moja. Walifaulu mtihani, siwezi kusema hawakufaulu. Lakini nilipowaomba wazungumze, hakuna aliyekuwa na la kusema, na Mwanahamisi alikuwa wa kwanza kutazama chini. Tangu siku ile ya radhi sikumwona akitunga sentensi yake mwenyewe. Ukimpa nafasi, ananakili ya kitabuni neno kwa neno, hata la mwavuli. Chuki niliyokuwa nayo kwa Bwana Sudi sijaimaliza mpaka leo, na simwombi mtu anisaidie kuimaliza.

Kila muhula Mwalimu Selemani aliomba kurudi. Kila muhula alijibiwa kuwa nafasi Dar es Salaam hakuna. Habari zake zilikuja kwa watu wanaopanda treni: anafundisha chini ya paa la nyasi, ubao kautengeneza mwenyewe, anauliza hali ya mama. Bi Zuhura alikuwa anapungua. Mwanzoni tulitembea mpaka kituo cha basi. Baadaye jirani mmoja alitupeleka kwa baiskeli, Bi Zuhura amekaa nyuma ameshika tandiko, mimi nakimbia kando. Kila Jumatano tukirudi aliniuliza, "Hawajasema kitu?" nami nikamjibu hawajasema, lakini watasema. Kusema kweli nilikuwa naamini.

Ilikuwa Jumatano, tumekaa kwenye benchi la hospitali tunangoja jina lake liitwe. Aliniambia anasikia baridi. Nikamfunika na khanga yangu, akanilalia begani. Muuguzi alipoita, nilimwitikia badala yake, nikamtikisa kidogo, nikamtikisa tena. Watu wa benchi lile walijua kabla yangu, na mama mmoja akaniondolea mkono taratibu.

Wanaume wa mtaa walimzika siku ile ile, kama dini yao inavyotaka. Hao hao waliokuwa wakimcheka mumewe kwa kufua ndio waliolibeba jeneza, na walilibeba vizuri. Nikapeleka simu ya maandishi Mpanda. Sijui ilizunguka wapi. Mwalimu Selemani alifika matanga yameshaanuliwa, mikeka imerudishwa kwa wenyewe, na mimi nafagia uwanja. Alikuwa amekonda, vumbi la safari liko kwenye nyusi. Alisimama mlangoni kwake kama mgeni, akabisha hodi.

Tulikwenda makaburini. Aliomba dua kwa muda mrefu, mimi nimesimama pembeni. Tuliporudi akaniuliza, "Alikuwa ananitaja?"

"Kila Jumatano."

"Ukimwambia nini?"

"Kwamba watakurudisha."

"Ahsante, mwanangu," alisema. Alikaa barazani, akakishika kile kigoda cha miguu, akakipangusa vumbi, akakiweka chini. Ndipo alipolia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia vile, na niliingia ndani nikamwacha.

Ruhusa yake ilikuwa fupi. Siku ya kuondoka, begi limeshafungwa, tukamwona mwalimu mkuu anakuja mbio mbio kutoka shuleni, amefurahi, shati limelowa jasho. Alisahau hata kutoa pole.

"Mwalimu Selemani, habari njema! Wamekubali! Nimepigiwa simu sasa hivi kutoka ofisini. Muhula ujao unarudi hapa hapa kwetu, darasa lako lile lile. Huna haja hata ya kupanda treni leo."

Mwalimu Selemani alimtazama, kisha akainama akachukua begi lake. Hakuonyesha hasira. Alizungumza kwa adabu, kama alivyozungumza siku zote.

"Wape ahsante yangu, Mwalimu Mkuu," alisema. "Hiyo nafasi mpeni mwenye mgonjwa."

Mwalimu mkuu akabaki amesimama uwanjani. Mimi nilichukua upande mmoja wa begi, Mwalimu Selemani upande wa pili, tukatembea mpaka stesheni. Alifundisha Mpanda mpaka akastaafu, na huko huko ndiko alikozikwa.